Naomba Mjumbe Aondolewe Kwenye Tamthilia

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya Sekondari.

Kutoka kwa mzazi wa mwanafunzi wa kidato cha tatu, ambaye pia ni mwandishi wa barua, meza ya tatu kutoka mlangoni, barazani pa posta.

KUH: MALALAMIKO JUU YA UFUNDISHAJI WA TAMTHILIA YA KALE NA MADHARA YAKE NDANI YA NYUMBA YANGU

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Kabla ya yote nakutakia afya njema wewe na walimu wako wote, isipokuwa mmoja, ambaye namtakia afya ya wastani hadi shauri hili litakapokwisha.

Huenda unanifahamu kwa sura. Kwa miaka ishirini na miwili nimekaa barazani pa posta na taipureta yangu, nikiandika barua za watu: maombi ya kazi, posa, radhi, ruhusa, na malalamiko ya kila aina. Nimelalamikia maji, nimelalamikia mbuzi, na niliwahi kulalamika kwa niaba ya pande mbili za ugomvi mmoja katika siku moja, na pande zote mbili zikaridhika. Lakini malalamiko yangu mwenyewe sijawahi kuyaandika hadi leo. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Ukimwona kinyozi ameshika wembe kujinyoa mwenyewe, ujue nywele zimeshamfika machoni.

Shauri lenyewe ni hili. Mwalimu wenu wa fasihi, yule kijana mrefu ambaye wanafunzi wanamwita Mwalimu Jukwaa, anawafundisha kidato cha tatu tamthilia moja ya kale sana, na Jumamosi ijayo wataiigiza mbele ya wazazi. Binti yangu, ambaye tangu akiwa na miaka miwili tunamwita Kipaza kwa sababu ambazo mtaa mzima unazijua, amepewa nafasi ya Mjumbe.

Nimeisoma tamthilia hiyo, kwa hiyo usidhani nalalamika gizani. Mfalme mzee amekaa barazani pa kasri lake akisubiri habari za mwanawe aliyekwenda vitani. Mwana ameshakufa. Kila mtu kasrini anajua, kuanzia mpishi hadi mfagiaji, lakini hakuna anayethubutu kumwambia mzee wa watu. Mwishoni anakuja Mjumbe, naye anasema. Basi. Hayo tu, na yanachukua saa mbili. Mwalimu Jukwaa anaeleza kwamba katika tamthilia za kale mtu hafi mbele ya watazamaji. Mambo yote mabaya hutokea nyuma ya pazia, kisha hutoka Mjumbe kuja kuyasimulia. Mimi nilidhani ni uvivu wa waigizaji, lakini kumbe ni kanuni, na kanuni hiyo ndiyo iliyoingia nyumbani kwangu bila kubisha hodi.

Nayapanga malalamiko yangu kwa nambari, kama ninavyowafanyia wateja.

1. Binti yangu hawezi tena kusema jambo kwa ufupi.

Zamani chupa ya chai ikivunjika, Kipaza alisema chupa imevunjika, mimi niliuliza nani kavunja, yeye alisema paka, na maisha yaliendelea. Paka hatuna, lakini utaratibu ule ulikuwa unafanya kazi. Wiki tatu zilizopita alitoka jikoni, akaja hadi katikati ya ua, akapiga goti moja, akainua mkono, akawatangazia wakazi wa nyumba hii kwamba laiti macho yake yangepofuka kabla ya kuyaona aliyoyaona. Akaeleza jinsi asubuhi ilivyopambazuka kwa amani. Akaeleza rafu, na mkono usio na hatia ulioinuka kuielekea. Mimi nimesimama na kikombe kitupu, sijui kama jikoni kuna moto au kuna maiti. Alipofika kwenye neno "chupa", chai ilikuwa imeshapita chini ya kabati, imevuka chumba, na kuzama katika rimu mbili za karatasi nyeupe nilizokuwa nimeziweka sakafuni. Ziliokoka karatasi chache za juu. Ndizo hizi ninazokuandikia, na ndiyo maana unaona nimebana mistari.

Kisha yakaja matokeo ya hisabati. Alisimama mlangoni kwa huzuni kuu, akatusimulia habari za kijana mmoja wa ukoo mwema aliyepanda ngazi za Hisabati akiwa na matumaini, akakutana na maadui mia moja, themanini na tisa wakamshinda, akarudi na mateka kumi na mmoja tu. Mke wangu alifuta machozi. Mimi nilisema wazazi wa mtoto huyo wapewe pole, tena nikajitolea kuwaandikia barua, na nikaiandika pale pale. Barua hiyo ninayo. Sikujua kwamba najiandikia mwenyewe.

2. Nyumba yangu haina tena mkosaji.

Mwalimu Jukwaa amewafundisha kwamba Mjumbe hapigwi wala hakaripiwi, maana yeye hakutenda, ameleta habari tu. Kwa wafalme hiyo ni sheria nzuri. Kwangu imekuwa balaa. Mke wangu ni mshonaji, mtu makini, sijawahi kumwona akikosea mshono. Wiki mbili zilizopita aliiunguza suruali ya suti yangu kwa pasi, alama nzima, mtu anaweza hata kuitambua pasi yenyewe ni ya aina gani. Badala ya kuja mwenyewe kunieleza, alimtuma Mjumbe. Nilipotaka kufoka nikakumbushwa kwamba aliyetumwa haguswi, na nilipomtafuta aliyetuma, alikuwa ameshakwenda kwa dada yake kusalimia.

Habari hizi zikaenea. Fundi viatu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aligonga geti langu kwa mkokoteni wake hadi likapinda. Akaja kwa adabu zote, akamwomba mke wangu amwazime Kipaza kwa dakika kumi. Mke wangu akamwazima. Basi nikaletewa habari za geti langu na mwanangu wa kumzaa, kwa niaba ya adui, kwa lugha ya kale, na alipomaliza nikajikuta nampigia makofi. Hilo la makofi naomba lisiingizwe kwenye kumbukumbu za shule.

3. Wazee wa Mji.

Ndani ya tamthilia hiyo kuna wanafunzi kumi na watano wanaoigiza Wazee wa Mji. Kazi yao ni kusimama pembeni na kusikitika. Wanaona kila kitu, wanatabiri kila kitu, hawazuii chochote. Wanasema "ole" kwa sauti moja, kisha wanasogea hatua tatu kushoto. Nilimuuliza Kipaza watu hawa wana faida gani, akanijibu kwamba ni kama majirani tu. Kwa kuwa ukumbi wa shule umejaa madawati mabovu, Mwalimu Jukwaa amewaruhusu wafanye mazoezi nyumbani kwa mmoja wao, na ikaonekana kwamba ua wenye nafasi ni wangu.

Mheshimiwa, sijui kama umewahi kuishi na watu kumi na watano wanaoitikia kila unalosema. Asubuhi moja nilimuuliza mke wangu soksi zangu ziko wapi. Kutoka uani zikaja sauti kumi na tano: "Ole wake atafutaye mbali kilicho mguuni pake." Nikatazama chini. Zilikuwa mguuni. Hapo ndipo hasira zangu zilipoanza, kwa sababu mtu akikukosea unaweza kumsamehe, lakini akiwa sahihi unafanyaje?

Baadaye wakanifuata hadi kazini. Walikuwa wakimsubiri Kipaza, aliyeniletea chakula, wakajipanga nyuma ya meza yangu kama ilivyo desturi yao. Wakati huo nilikuwa na mteja, mwanamume wa heshima zake, anayetaka barua ya radhi kwa mkwewe. Akanitajia ya kuandika: kwamba yeye hakuyasema maneno yale anayosingiziwa. Wazee wa Mji wakaguna kwa pamoja, wakasema polepole, "Aliyasema. Aliyasema." Mteja akainuka, akasema heri aende mwenyewe akaombe radhi kwa mdomo wake. Akaondoka bila barua. Katika miaka ishirini na miwili sijawahi kumpoteza mteja kwa sababu ya ukweli.

4. Mama yangu.

Hayo matatu ningeyavumilia. Hili ndilo lililonikalisha mbele ya taipureta.

Mama yangu mzazi anakaa nasi. Macho yake yana mtoto wa jicho kwa hiyo hasomi, ingawa masikio yake ni mazima kuliko ya mtu yeyote hapa nyumbani. Alijaliwa watoto wawili tu, mimi na mdogo wangu, ambaye alikuwa dereva wa greda katika kampuni ya barabara, kazi iliyompeleka mbali, safari ya siku mbili kutoka hapa. Miezi minane iliyopita mdogo wangu aliugua kwa siku tatu, akafariki. Neno hilo naliandika leo kwa mara ya kwanza, mimi ambaye nimewaandikia watu matangazo ya vifo yasiyo na idadi.

Wiki ile mama alikuwa ndiyo kwanza ametoka hospitali kwa presha. Daktari alituonya asipewe mshtuko wowote. Nikasema basi, tumwache wiki moja apate nguvu. Nikaenda kumzika mdogo wangu, na mama nikamwambia nakwenda safari ya kikazi. Nikarudi. Wiki ikawa mwezi. Mama akaanza kuuliza mbona mdogo wako hapigi simu, nikasema simu yake imetumbukia kwenye lami ya moto. Akauliza kama simu zimekwisha madukani, nikasema huko waliko hakuna mtandao, mwenye simu anaitumia kama tochi. Akasema, basi si aandike barua.

Mheshimiwa, ukimwambia mwandishi wa barua kwamba kinachokosekana ni barua, umeshammaliza. Jumatatu ile nilipotoka kazini nilibeba taipureta hadi chumbani kwangu, ambacho kimetengwa na chumba cha mama kwa ukuta wa mbao, nikaketi nikaandika. Jumanne asubuhi nikamsomea. Tangu hapo kila Jumanne kuna barua. Mama akauliza mara moja tu mbona siku hizi sikwamikwami kwenye mwandiko wake ninapomsomea kama zamani, nikasema mdogo wangu amepata karani anayempigia chapa.

Ni barua nzuri, nasema kama fundi. Ndani yake mdogo wangu amepandishwa cheo kuwa msimamizi. Ameacha sigara. Anaulizia magoti ya mama, anaulizia kama mama anakula, anamkumbusha dawa zake za asubuhi. Kuna baiskeli yangu aliyoipoteza akiwa na miaka kumi na tisa. Ameiombea radhi aya nzima, aya ambayo ilinishinda kuisoma bila kusimama kunywa maji. Ukiniuliza sasa nitakwambia marehemu hakuwa na kasoro hata moja.

Watu wote wa nyumbani nimewafunga midomo. Mke wangu anajua, Kipaza anajua, fundi viatu anajua, hata muuza maziwa anajua. Asiyejua ni mama peke yake. Sasa nadhani unaona tamthilia yenu ilipoingilia.

5. Mama amekuwa Mfalme.

Mjumbe anahitaji mtu wa kumwambia habari zake. Mwanafunzi anayeigiza Mfalme anakaa upande wa pili wa mji, kwa hiyo Kipaza alikuwa akifanya mazoezi na kabati. Bibi yake akamwonea huruma, akasema nisomee hayo maneno ya huyo mfalme. Akayashika yote kwa masikio, kwa siku nne. Mimi mwenyewe nilisahau mistari mitano ya shairi la kidato cha pili kabla sijamaliza kidato cha pili.

Sasa kila jioni Kipaza anasimama mlangoni mwa chumba cha bibi yake. Mama anaketi kitandani, anajitupia shuka begani linakuwa joho, anainua kidevu, na anasema maneno ambayo Mfalme anayasema Mjumbe anapoingia: "Sema, Mjumbe. Nimeshakaa." Mimi niko upande wa pili wa ubao. Ikiwa ni Jumatatu, vidole viko juu ya taipureta, na mdogo wangu anaishia katikati ya sentensi.

Siku za mwanzo Kipaza alikuwa akikaribia habari yenyewe anakohoa, mazoezi yanaishia hapo. Juzi mama akamwambia aendelee, kikohozi gani hiki kinachojua mstari wake. Kipaza akakimbilia uani. Wazee wa Mji wakaanza kusema ole, nikawafukuza, nikamfuata mwanangu nyuma ya tangi la maji. Akaniambia, bila lugha ya kale na kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo: "Baba, siwezi kumwambia Mfalme ukweli halafu nikamwambia bibi uongo. Ni mtu mmoja yule."

Nilimwambia akaoshe vyombo. 

Juu ya hayo, Mwalimu Jukwaa alipita nyumbani na kadi. Amesikia kwamba kuna bibi aliyeikariri nafasi ya Mfalme bila kusoma herufi moja, akafurahi kupita kiasi, na sasa mama amealikwa awe mgeni wa heshima, kiti cha mbele, karibu na wewe. Maana yake, Mheshimiwa, ni kwamba Jumamosi, mbele ya wazazi mia mbili na ushei, binti yangu atasimama hatua nne kutoka kwa mama yangu, atainua mkono, na kwa ile sauti yake aliyozaliwa nayo atatangaza kwamba mwana hayupo tena. Mama ameshatoa gauni lake la bluu linyooshwe. Nimeomba pasi ishikwe na mtu mwingine.

Naogopa. Nalisema wazi kwa sababu barua ya malalamiko isiyosema wazi hurudishwa. Daktari alisema mshtuko unaweza kumwondoa. Mwaka huu nimeshamzika mmoja, na sitaki kukaa katika ukumbi wa shule nikimpoteza wa pili kwa sababu ya fasihi.

6. Maombi yangu.

(a) Mjumbe aondolewe kwenye tamthilia. Mfalme asubiri habari, habari zisije, pazia lifungwe. Wazazi watarudi nyumbani mapema na hakuna atakayelalamika.

(b) Ikishindikana, Mjumbe aje, lakini aje na habari za kawaida. Nimeandaa maneno mbadala, nayaambatisha bila malipo: "Ewe Mfalme, mwanao hajambo, anakusalimu sana, amepandishwa cheo, mtandao tu ndio unaosumbua." Wazee wa Mji wanaweza kuitikia, "Mtandao, mtandao," kisha wasogee hatua tatu kushoto kama kawaida.

(c) Ikiwa wenye tamthilia zao hawakubali mpaka mtu afe, basi afe mtu asiye na mama. Nimeipitia orodha yote ya wahusika, sikumpata. Nikapendekeza farasi. Kipaza anasema farasi naye ana mama.

(d) Kuanzia mwaka ujao kidato cha tatu wafundishwe masomo yasiyo na ndugu ndani yake. Nimesikia kemia ni somo la namna hiyo.

Nisiporidhishwa, nitalazimika kulipeleka jambo hili kwa afisa elimu, na kutoka kwake nitapanda juu hadi ngazi ziishe. Huko kote barua zangu zinafahamika, maana wakubwa hao nao wakikosana huja kwangu kuandikiwa.

Nisalimie mlinzi wa getini, mtunza maktaba na mpiga kengele. Msalimie mwalimu wa hisabati, mwambie kijana wa ukoo mwema anaendelea vizuri na ameanza kufanya mazoezi ya kujumlisha. Wasalimie Wazee wa Mji wote kumi na watano, pamoja na yule wa nyuma anayechelewa kusema ole. Salamu za Mwalimu Jukwaa zitafuata baada ya kuona mwenendo wake.

Ni mimi, mzazi mtiifu kwa sasa,

Baba Kipaza,
mwandishi wa barua, meza ya tatu.

Tanbihi: Mheshimiwa, nilipofika kwenye mstari huo wa mwisho, kengele ya taipureta ikalia kama inavyolia mstari ukikaribia kwisha, na mama akagonga ubao kutoka upande wake. Akauliza leo si Alhamisi, mbona barua ya mdogo wako imewahi wiki hii.

Nilikwenda chumbani kwake. Alikuwa ameketi kitandani, shuka liko begani. Kipaza hakuwa mlangoni. Aliyesimama mlangoni nilikuwa mimi.

Akasema, "Sema, mwanangu. Nimeshakaa."

Mimi ambaye huandika kurasa tatu kumwombea mtu ruhusa ya siku moja, nilitumia maneno mawili. "Mama, amefariki."

Hakushtuka. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea mzigo ambao alishaambiwa uko posta. Akaniambia alijua tangu niliporudi kutoka ile safari ya kikazi. Maisha yangu yote, alisema, nimekuwa nikimsema mdogo wangu, mara baiskeli, mara sigara, mara haandiki, na tangu siku ile sijamsema vibaya hata mara moja. Alisema mtu aliye hai hasifiwi namna ile, hasa na kaka yake. Na kuhusu barua, kila Jumatatu jioni amekuwa akiisikia ile kengele nyuma ya ubao, na Jumanne asubuhi barua inafika kutoka safari ya siku mbili. Tena mdogo wangu katika uhai wake wote hakuwahi kuulizia magoti ya mtu.

Nikamuuliza kwa nini amenyamaza miezi minane akinisikiliza nikisoma. Akasema, "Niliona wewe ndiye hujawa tayari kuambiwa."

Tulilia, Mheshimiwa. Mke wangu akaja, Kipaza akaja, tukalia wote juu ya kitanda kimoja mpaka chaga ikavunjika, na safari hii hakutumwa mtu kuja kusimulia. Wazee wa Mji walikuwa uani na walisikia kila kitu. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kuwafahamu hawakusema ole. Walikaa chini wote kwa pamoja, hata yule wa nyuma hakuchelewa. Presha ya mama tumeipima kwa mashine ya kupimia tuliyoazima kwa fundi viatu, iko sawa. Iliyopanda ni yangu.

Kwa hiyo naomba maombi (a), (b), (c) na (d) yafutwe, pamoja na malalamiko ya kwanza hadi ya tano. Ningekuandikia barua mpya, lakini karatasi hii ndiyo ya mwisho, wenzake walikunywa chai. Naomba uanze kuisoma kuanzia hapa.

Mjumbe abaki, wala asifupishe. Mama atakuja Jumamosi. Anasema miezi minane amekosa mahali pa kulia, maana hapa nyumbani angetutisha, na amesikia kwamba kwenye tamthilia watu wanaruhusiwa. Tunaomba viti vingine viwili karibu na chake. Anaomba pia Kipaza akifika pale asipunguze sauti, kwa kuwa macho yake hayataliona jukwaa.

Mwalimu Jukwaa mpe salamu zake, nimeziachilia.

Na kwa ajili ya kumbukumbu rasmi: baiskeli yangu ilipotezwa na mdogo wangu, na hakuwahi kuomba radhi.